Mkuu wa Polisi na Mahadhi 1,850

Julai 1792 wapiga vinubi kumi wa Ayalandi, pamoja na mmoja kutoka Wales, walikusanyika mjini Belfast kushindania zawadi za fedha. Sita kati ya hao kumi walikuwa vipofu. Halikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa mtoto asiyeona alifundishwa kinubi apate riziki katika majumba ya matajiri. Hata Turlough O'Carolan, mtunzi wao mashuhuri kuliko wote, alipofushwa na ndui akiwa na miaka 18. Mama mmoja mwenye uwezo akamlipia mafunzo, akampa farasi na mtu wa kumwongoza njia, naye akazunguka nchi akiwatungia sifa wenyeji wake mpaka alipofariki mwaka 1738.

Aliyewavutia wengi Belfast ni Denis Hempson, mzee wa miaka 97. Wenzake walitumia ncha za vidole. Yeye alifuga kucha ndefu, akiudonoa uzi wa waya kati ya nyama na ukucha, kama walivyofanya wahenga. Inasimuliwa kwamba mwaka 1745 alivuka bahari hadi Edinburgh, akampigia kinubi mwanamfalme Charles Edward Stuart. Safari yenyewe si ndefu: mahali bahari ilipo nyembamba, Uskoti na Ayalandi zimetengana kwa kilomita 20 hivi, na nyimbo zimekuwa zikipita huku na huko tangu zamani.

Pembeni mwa wapigaji alikaa kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda cha kanisa, aliyeajiriwa kuyaandika mahadhi hayo kabla wazee hawajaondoka nayo. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1796. Bila yeye mengi yangepotea. Hata hivyo, aliyapanga upya yapigike kwenye piano, kwa sababu wanunuzi wa vitabu walikuwa na piano sebuleni, si kinubi. Aliyeyaokoa ndiye huyohuyo aliyeyabadilisha, na mambo yaliendelea hivyo baada yake.

Viazi vilipooza kuanzia mwaka 1845, njaa iliua watu wapatao milioni moja, na wengine wengi wakahama. Mahadhi yakahama nao. Ndiyo maana hazina kubwa ya muziki wa Ayalandi haikukusanywa Dublin bali Chicago, na aliyeikusanya alikuwa polisi.

Francis O'Neill alizaliwa mwaka 1848 karibu na Bantry, akatoroka kwao akiwa kijana na kuwa baharia. Meli yake ikavunjikia kwenye kisiwa kitupu cha Pasifiki. Meli iliyokuja kuwaokoa ilikuwa na mabaharia wa Hawaii, chakula kikiwa cha kupimiana, na mmoja wao alikuwa na filimbi. O'Neill akaomba aijaribu. Alivyosimulia mwenyewe baadaye, tangu hapo Mhawaii yule akawa anamgawia chakula chake.

Mwaka 1873 alijiunga na polisi wa Chicago, na muda si mrefu akapigwa risasi na mwizi. Risasi hiyo alibaki nayo mwilini maisha yake yote. Kufikia 1901 alikuwa mkuu wa polisi wa jiji zima, na ilijulikana kwamba mhamiaji aliyejua fidla au zumari hakupata taabu kubwa kupata kazi kwake. (Upendeleo, ndiyo, ingawa ni vigumu kumlaumu.) O'Neill alikuwa na sikio kali, lakini kuandika nota hakukuwa fani yake. Yeye alipiga au kuimba mlio, na askari mwenzake, James O'Neill, akauandika. Kitabu chao cha 1903 kina mahadhi 1,850, na hadi leo ukitokea ubishi juu ya wimbo, wapigaji hukifungua.

Kisha zikaja santuri. Michael Coleman, mpiga fidla kutoka Sligo aliyehamia New York, alirekodi huko katika miaka ya 1920. Santuri zake zikarudi Ayalandi, na vijana wa wilaya zenye mitindo yao wakaanza kuiga mtindo wa Sligo.

Huko Uskoti wengi huamini kwamba baada ya jeshi la mwanamfalme Charles kushindwa katika vita vya Culloden, 1746, sheria ilipiga marufuku zumari la mfuko. Sheria yenyewe inataja silaha na mavazi, zumari halimo. Lakini hadithi haikuzuka hewani: mwaka huohuo mpiga zumari James Reid alinyongwa York, mahakama ikisema kwamba kikosi cha watu wa milimani hakiendi vitani bila zumari, hivyo nalo ni chombo cha vita.

Walimu wa zumari hilo hawakuhitaji karatasi. Walimwimbia mwanafunzi silabi, kila moja ikiwa na sauti yake: “hiharin” ilitaja mkupuo mzima wa vidole. Mwaka 1797 Colin Campbell aliandika mahadhi kwa silabi hizo, bila nota hata moja. Juzuu mbili zipo. Ya tatu imepotea. Karne ya 20 vitabu vya nota vikatawala mashindano, na aliyetaka ushindi alifuata kilichochapishwa. Siku hizi baadhi ya wapigaji wamemrudia Campbell, wakiimba silabi zake kabla ya kugusa zumari, na humo wanakuta njia za kupiga ambazo vitabu viliziacha nje.