Kisiwa cha Madeira, Mahali pa Kupumzikia

Msafiri aendaye Madeira kwa meli huiona milima kabla hajauona mji. Kisiwa hiki cha Wareno kimo katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya nchi ya Morocco, nacho si kikubwa: urefu wake ni maili 35 hivi, na upana wake maili 14. Lakini katika nafasi hiyo ndogo umesimama mlima wa Pico Ruivo, wenye futi 6,100. Mtu wa Kenya, aliyezoea kuutazama mlima wa futi 17,000, aweza kutabasamu. Ila na akumbuke kwamba huu wainuka kutoka baharini pale pale, wala hakuna uwanda wa kupumzisha miguu.

Sifa ya kwanza ya kisiwa ni hewa yake. Katika Funchal, mji mkuu, joto la mchana mwezi wa Januari, wakati Ulaya inapotetemeka kwa baridi, hufika nyuzi 19 za sentigredi, na mwezi wa Agosti halipandi sana. Ndiyo maana Waingereza wenye maradhi ya kifua walikuwa wakipelekwa huko zamani, na hoteli ya Reid's ikafunguliwa mwaka 1891. Juu mlimani hewa ni nyingine. Karl, mfalme wa mwisho wa Austria, aliyehamishiwa huko baada ya kupoteza enzi yake, alikaa Monte katika ukungu na unyevu, akafa kwa homa ya mapafu Aprili 1922. Kaburi lake limo katika kanisa la Monte.

Hapo kanisani ndipo wageni wapandapo vigari vya matete visivyo na magurudumu. Wanaume wawili, wamevaa nguo nyeupe na kofia za majani, hukiachia kigari kiteleze barabarani, nao hukizuia kwa soli za viatu vyao!

Lakini anayetaka kukijua kisiwa chenyewe na aende kwa miguu kando ya levada, yaani mifereji ya maji. Upande wa kaskazini hupata mvua nyingi, na upande wa kusini, penye mashamba, ni mkavu. Basi tangu karne ya 15 watu walichonga majabali ili kuleta maji. Mifereji hiyo sasa yapita maili 1,000. Watu wa Marakwet wangeifahamu kazi hii bila kuelezwa. Wengi wa waliofanya kazi katika miaka ya mwanzo, wakati wa mashamba ya miwa, walikuwa watumwa waliochukuliwa Afrika na visiwa vya Canary. Maji yale hata leo hunywesha migomba na mizabibu, na mgeni apitaye hapo kwa starehe hupita juu ya jasho lao.

Njia hupenya msitu wa kale uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999. Mahali pengine ni nyembamba mno, genge upande mmoja. Mwenye kizunguzungu asijaribu, na kwenye mapango yaliyotobolewa mlimani lazima kuwa na tochi. Milima hiyo haina mchezo: tarehe 20 Februari 2010, mvua kubwa iliporomosha mawe na matope hata ndani ya Funchal, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Mvinyo wa Madeira ni mashuhuri. Mapipa yaliyopitishwa katika joto la tropiki ndani ya merikebu yalionekana kuwa na ladha bora zaidi, kwa hiyo siku hizi mvinyo hupashwa joto makusudi. Neno lenyewe, mvinyo, tumelipata kwa Wareno hao hao waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa.

Wengi sasa hufika kwa ndege. Sehemu ya kiwanja imesimama juu ya nguzo kandokando ya bahari, na upepo wa milimani ukivuma vibaya, ndege hupelekwa kisiwa jirani cha Porto Santo, chenye mchanga mwororo wa maili tano na zaidi. Mwenye safari ya mbele na ajiwekee siku moja ya akiba.