Mlima wa Kericho na Skrubu ya Pampu

Barabara ya Kisumu kwenda Kericho humhadaa dereva. Kutoka mjini hadi Ahero ni bonde la mpunga na miwa, na pikapu yenye magunia ya omena hadi usawa wa kebini hukimbia kwa gia ya tano kana kwamba imebeba pamba. Ukishapita Awasi, nchi inaanza kuinuka kidogo kidogo. Gia inashuka hadi ya nne, kisha ya tatu. Kabla ya Kapsoit mguu umekanyaga mafuta hadi sakafuni, nyuma kuna wingu jeusi, na basi la Nairobi linapiga honi likidai njia. Dereva akirudi Kisumu huenda moja kwa moja kwa fundi na maneno yale yale: gari halivuti, niongezee nguvu.

Kwenye vibanda vya mabati vya jua kali, kuanzia Kibuye hadi Obunga, ombi hilo lina majibu mawili. La kwanza huchukua dakika kumi na spana moja. La pili huchukua siku nyingi, hujaza sakafu vyuma, na humfanya mwenye gari ahesabu pesa zake mara mbili. Injini nyingi huuawa na wenye haraka, waliochagua jibu la kwanza wakati gari lilikuwa likidai la pili.

Gari lenyewe mara nyingi ni Isuzu TFR, pikapu iliyounganishwa Nairobi na General Motors East Africa, kampuni ambayo Isuzu ilinunua asilimia 57.7 ya hisa zake mwaka 2017 na kuipa jina la Isuzu East Africa. Chini ya boneti ya TFR nyingi kuna injini ya 4JA1, yenye silinda nne na sentimita za ujazo 2,499. Haina turbo, haina kompyuta. Wengine wana Toyota Hilux yenye 2L au 3L. Wazee watakukumbusha kwamba kabla ya hizo zote palikuwa na Pijo 504, na watasema hakuna gari lililoijua barabara mbovu kama lile. Huo ni ubishi wa siku nyingine.

Jibu la dakika kumi liko mgongoni mwa pampu ya dizeli. Hapo kuna skrubu yenye nati ya kuifunga, na gari likitoka kiwandani huwa imezungushiwa waya wenye muhuri wa risasi. Skrubu hiyo ndiyo inayoamua pampu itatoa mafuta mengi kiasi gani dereva anapokanyaga hadi mwisho. Fundi hulegeza nati, huizungusha robo duara, hukaza tena, na gari linajaribiwa barabarani. Kweli, linavuta. Dereva anatabasamu, analipa, anaondoka. Waya na muhuri vinabaki mchangani.

Ili kuona ubaya wa furaha hiyo, inafaa kukumbuka dizeli inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeendesha injini yake ya kwanza iliyofanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897, hakutumia cheche. Aliibana hewa hadi ikapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Katika 4JA1 hewa hubanwa mara 18 na zaidi, kisha noza hunyunyiza dizeli kama ukungu ndani ya joto hilo. Kilo moja ya dizeli ili iungue yote huhitaji kama kilo 14.5 za hewa, na injini hutaka hata ya ziada kwa sababu mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika vizuri. Kwa hesabu ya Kisumu, lita moja ya dizeli humeza hewa inayojaza zaidi ya nusu ya chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10. Mafuta yakizidi hewa, yaliyokosa mwenzake hutoka kama masizi. Moshi mweusi ni dizeli iliyolipiwa kwenye kituo cha mafuta na kumwagwa barabarani.

Hapo ndipo Kisumu inapoingia. Mji huu unaonekana kuwa chini kwa sababu uko ufukweni, lakini ufuko wenyewe uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa kama asilimia 13. Kericho, kwenye mita 2,000 hivi, upungufu ni zaidi ya asilimia 20. Anayepitia Timboroa, karibu mita 2,740, amepoteza zaidi ya robo ya hewa ya pwani. Injini ya 4JA1 hutajwa kuwa na nguvu farasi karibu 80. Kwa hesabu ya hewa peke yake, Kisumu zimebaki kama 70, na Kericho sitini na kitu, hata kama gari limetoka dukani leo. Pampu haijui habari hizo. Inaendelea kutoa mafuta ya pwani kwenye hewa ya mlimani, na moshi unakolea kila kona. Kuifungulia skrubu ni kuongeza chumvi kwenye mchuzi ulioharibika kwa chumvi.

Joto nalo linapanda. Pistoni za injini hizi ni za alumini, na alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Gesi inayoungua juu ya pistoni ni kali kuliko hapo, na kinachoiokoa pistoni ni oili, maji na muda mfupi wa kila mwako. Dereva aliyefunguliwa skrubu, mwenye tani ya mbuta na barafu mgongoni, akikanyaga nusu saa bila kuachia, anaondoa kinga hiyo moja baada ya nyingine. Gari linachemsha, gasketi ya hedi inaungua, maji yanaingia kwenye oili. Hedi ya Toyota 2L ina sifa mbaya ya kupasuka ikichemka, na mafundi wengi huitazama kwa nyufa kabla hata ya kuuliza gari limefanya nini.

Kwa hiyo fundi makini huanza kwa kuuliza nguvu ilikwenda wapi kabla ya kuongeza nyingine. Eakilina, yaani chujio la hewa, iliyojaa vumbi inainyima injini hewa. Noza zilizochoka hazinyunyizi ukungu, zinadondosha. Halafu kuna ringi za pistoni. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: ikiwa inapumua kama sufuria ya uji, mwako unavuja kupita kando ya pistoni. Moshi wa bluu husema inakula oili. Hapo dawa ni kuifungua yote.

Kuifungua ni rahisi. Kuifunga ndiko kuna elimu. Bloku la 4JA1 lina slivu kavu, mabomba membamba yaliyobanwa ndani ya kila silinda, ambayo yakichakaa hutolewa na mapya yakaingizwa kwa mashine. Kwenye Toyota 2L hakuna slivu. Bloku hupelekwa kwa mwenye mashine likachongwe, kisha pistoni kubwa zaidi zikawekwa. Kuna imani kwamba kuchongwa huko huongeza nguvu. Silinda ya 2L ina kipenyo cha milimita 92. Ikichongwa nusu milimita, injini nzima inaongezeka sentimita za ujazo 27 tu, maji ya vijiko viwili vya chakula visivyojaa. Nguvu inayosikika baada ya kazi hiyo ni ile ya zamani iliyorudi nyumbani.

Mtazame fundi mzuri kwenye ringi. Haichukui kutoka kwenye pakiti na kuivisha pistoni. Huitumbukiza kwanza ndani ya silinda ikiwa peke yake, huisukuma kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha huchukua fila geji, kile kifurushi cha vibati vyembamba, na kupima mwanya kati ya ncha zake mbili. Mwanya huo ni sehemu ndogo ya milimita. Ukiwa mkubwa, mwako unavuja. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto hutanuka, ncha zinagongana, na ringi inavunjika au kuchana ukuta wa slivu mpya. Dakika zinazotumika hapo, kwa kila ringi ya kubana mwako katika silinda zote nne, mteja hazioni na huwa hazimo kwenye bei.

Kipimo kingine ni cha gasketi ya hedi. Pistoni za injini hizi hupanda hadi zikachungulia kidogo juu ya uso wa bloku. Kwa sababu hiyo gasketi hutengenezwa kwa unene wa namna tatu, unaotambulishwa kwa alama pembeni. Mwenye kupima hujua anunue ipi. Asiyepima hununua iliyoko dukani, kisha pistoni inagonga hedi, au nafasi inakuwa kubwa mno na injini inakataa kuwaka asubuhi ya baridi ya Kericho.

Injini ikishakuwa nzima, sasa mazungumzo ya nguvu zaidi yana maana. Njia iliyozoeleka ni kupandisha injini kubwa. 4JB1 ni ndugu wa 4JA1: kipenyo cha silinda ni kilekile cha milimita 93, ila mwendo wa pistoni ni milimita 102 badala ya 92, na ujazo unafika 2,771. Hilo ni ongezeko la asilimia 11, karibu sawa na kile ambacho mwinuko wa Kisumu umekula. Wenye Hilux hutoka 2L wakaenda 3L yenye 2,779 au 5L yenye 2,986. Injini za namna hii huja zimetumika kutoka Japan, na mnunuzi mjanja huitaka iwashwe mbele yake kabla ya kutoa pesa. Nambari ya injini imo kwenye hati za gari, kwa hiyo mabadiliko hayo ni lazima yafike NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Anayepuuza hukumbuka siku ya ukaguzi, au siku mnunuzi anapolala chini ya gari na tochi.

Njia ya pili ni turbo, na kwa mtu wa milimani hii ndiyo yenye akili zaidi. Mswisi Alfred Büchi aliisajili hataza yake mwaka 1905: moshi unaotoka kwa kasi huzungusha gurudumu, gurudumu hilo huzungusha jingine, na hilo la pili husukuma hewa ndani ya injini. Kwa dereva wa Kericho, turbo inayoongeza shinikizo dogo la baa 0.2 inamrudishia karibu hewa yote ya Mombasa. Moshi mweusi unapungua hata kabla ya kugusa mafuta. Ndiyo maana ukikutana na pikapu ya Isuzu D-Max yenye turbo kwenye mlima huo, inakupita kana kwamba haina habari.

Lakini turbo haifungwi kama redio. Magurudumu yake madogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, yakiegemea oili safi tu, hivyo yanadai bomba lake la oili kutoka kwenye injini na jingine pana la kuirudisha. Hewa ikisukumwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo intakula huwekwa mbele ya rejeta kuipoza. Injini nyingi za turbo za kiwandani zina vinyunyizio vinavyomwagia oili chini ya pistoni. Injini ya kawaida iliyobandikiwa turbo inaweza kukosa hivyo, na haipaswi kubanwa sana. Pampu nayo hupelekwa kwenye mashine ya kupimia, si kuzungushwa kwa kukisia. Dereva naye hujifunza adabu mpya: baada ya kupanda mlima, injini iachwe ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, oili isije ikaungulia ndani ya turbo.

Tahadhari moja ya mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi wachakachuaji walichanganya dizeli na mafuta ya taa, hadi mwaka 2018 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida hiyo iishe. Pampu hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana utelezi huo, na pampu iliyonyweshwa hayo hukwaruzika ndani. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Kuna pia oili chafu. Injini moja ikifunguliwa hutoa lita kadhaa, na mvua ya Kisumu hujua njia ya kwenda ziwani kuliko mtu yeyote. Karakana zinazoikusanya kwenye madramu zinawafanyia hisani wavuvi ambao samaki wao ndio wanaolipia matengenezo.

Injini iliyofungwa upya haipelekwi Kericho siku hiyo. Hupewa kwanza maji, oili mpya na safari ya kwenda Ahero na kurudi bila mzigo, mara ikikimbia, mara ikipunguza, ili ringi zijisugue na kuta zipate kukaa. Jioni fundi huangalia maji, huchomoa kijiti cha oili na kukinusa kama kina harufu ya dizeli, kisha hupitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Kikitoka na vumbi la kijivu tu, magunia ya omena yanaweza kuanza kupakiwa, nusu kwanza.