Matuta ya Machakos: Historia iliyoandikwa kwa jembe

MTU anayetembea kwa miguu kutoka mjini Machakos kuelekea milima ya Iveti huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalitazami tena. Miteremko yote imekatwa ngazi ngazi. Kila ngazi ina ukingo wa nyasi, mtaro chini yake na shamba lililo karibu tambarare. Hayo ndiyo matuta, na historia iliyomo ndani yake ni ndefu kuliko ya majengo mengi ya mji huo.

Machakos yenyewe ni mji wa kale kwa kipimo cha bara. Jina lake ni matamshi ya wageni ya Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Waingereza waliweka kituo chao cha utawala hapo kabla Nairobi haijakuwapo. Lakini reli kutoka Mombasa ilipitia nyanda za Athi na kuuacha mji kando, na mwaka 1899 makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi.

Kufikia miaka ya 1930, milima hii ilikuwa katika hali ya kusikitisha. Walowezi walikuwa wametwaa sehemu kubwa ya malisho, na Wakamba pamoja na mifugo yao wakabanwa katika eneo dogo. Mvua ya huku hunyesha kwa vishindo baada ya miezi mingi ya kiangazi, wakati ardhi iko uchi. Udongo ulisombwa hadi mitoni na makorongo yakatanda. Ripoti ya afisa wa kilimo Colin Maher ya mwaka 1937 iliieleza hali hiyo kwa maneno mazito.

Serikali ya kikoloni iliona kwamba kosa lilikuwa la ng'ombe. Mwaka 1938 ilianza kuwapunguza kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi mwezi Julai kutaka kumwona Gavana, wakapiga kambi huko. Serikali iliachana na mpango huo, lakini Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wananchi walilazimishwa kuchimba matuta. Kazi ya shuruti haikupendwa, na matuta mengi yaliachwa yabomoke. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950 kazi hiyo ilipofanywa kupitia mwethya, ule utaratibu wa asili wa majirani kusaidiana, ambao nguzo yake kubwa ilikuwa wanawake. Mkulima aliyeruhusiwa kupanda kahawa naye alitakiwa kuwa na matuta kwanza.

Aina iliyopendwa zaidi ni fanya juu, jina la Kiswahili ambalo sasa hutumiwa na wataalamu wa udongo hata nje ya Afrika. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, wenye kina cha takriban sentimita 60, na kuutupa udongo upande wa juu. Hapo hupanda nyasi, kama vile nepia, ili mizizi ishike tuta. Kila mvua inaponyesha, udongo unaoteremka huzuiwa na tuta hilo. Polepole shamba hujisawazisha lenyewe, na maji huzama ardhini badala ya kutoroka.

Kwa hiyo mpita njia anaweza kukadiria umri kwa macho. Kadiri ngazi ilivyo ndefu na shamba lilivyo tambarare, ndivyo tuta lilivyotunzwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Idadi ya watu katika wilaya ya zamani ya Machakos ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1990, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti kuongezeka. Picha za mwaka 1937 zilipolinganishwa na nyingine za mahali pale pale, tofauti ilikuwa wazi. Ni kweli kwamba soko la Nairobi lilikuwa karibu, na mishahara iliyopatikana huko iligharimia sehemu ya kazi. Lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya wenyeji.

Hata hivyo, tuta halijengwi mara moja likaisha. Fuko akitoboa au ng'ombe akikanyaga, maji hupata njia, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashamba yanapogawanywa kwa watoto na mengine kugeuzwa viwanja vya nyumba, mstari mmoja wa tuta huangukia mikononi mwa watu kadhaa. Mmoja akiufukia ili ajenge, maji yote ya mlimani humshukia jirani aliye chini.

Mwaka wa 1938 walilalamikiwa ng'ombe. Sasa hakuna wa kulaumiwa ila sisi wenyewe. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli ambazo Ukambani huzitegemea zaidi kwa chakula, ndio wakati wa kuchukua jembe na kupita kwenye kingo, jirani kwa jirani.