Maswali Kwanza, Miche Baadaye

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini hukutana katika Maonesho ya Nanenane, viwanja vya John Mwakangale, jijini Mbeya. Mkulima wa Isansa anayekusudia kuongeza parachichi kando ya kahawa hupata hapo fursa ya kuwauliza watafiti na wanunuzi ana kwa ana.

Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya takribani miaka 3. Uliooteshwa kwa kokwa pekee huchelewa zaidi, na matunda yake huenda yasifanane na ya mti mama. Hivyo, aina ya mche, chanzo chake na soko vijulikane kabla ya kung'oa mibuni inayoitunza familia sasa. Afisa ugani wa kata husaidia kuandaa maswali hayo.