Somo la Leo: Kuzisoma Sarafu za Kale za Rumi

Natumaini mmekwisha kaa, kila mtu na daftari lake. Leo tutajifunza jinsi ya kuzitambua sarafu za makaisari wa Rumi.

Pengine mmoja wenu atasema, "Mimi nimejua kusoma juzi tu. Sarafu za karibu miaka elfu mbili nitazisomaje?" Usiogope. Herufi unazojifunza darasani ndizo herufi za Warumi. Wao waliziandikia lugha yao, Kilatini. Sisi twaziandikia Kiswahili.

Tutazame sarafu moja ya fedha, iitwayo denari. Upana wake ni karibu sentimita 2, na uzito wake gramu 3 na kitu. Upande mmoja pana kichwa cha mtu aliyevikwa shada la majani, na pembeni pana maandishi haya. Yaandike daftarini:

IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P

Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo Warumi walifupisha maneno. IMP ni cheo cha amiri jeshi mkuu. TRAIANO ni jina: huyu ni Kaisari Trajan, aliyetawala tangu mwaka 98 mpaka 117. AVG ni Augustus, yaani mtukufu. Warumi waliandika V mahali pa U. GER na DAC zasema kwamba aliwashinda Wagermani na Wadakia. P M ni kuhani mkuu. TR P ni mamlaka ya kuwatetea raia.

Sasa geuza sarafu. Miongoni mwa maneno ya upande wa pili utaona COS V. Hapa V si herufi, ni hesabu: tano. Maana yake Trajan amekuwa konsuli, cheo kikubwa cha serikali, mara ya tano. Twajua kwamba alikuwa konsuli mara ya tano mwaka 103, na mara ya sita mwaka 112. Basi sarafu hii ilipigwa kati ya mwaka 103 na 111. Tumeupata wakati wake, ingawa mwaka haukuandikwa!

Lakini sarafu husema kwa njia nyingine pia, nayo ni mahali ilipolala. Mwaka 2010, huko Frome, Uingereza, mtu mmoja alikuta chungu kilichojaa sarafu za Kirumi. Angeweza kuzizoa zote siku ile ile. Hakufanya hivyo. Aliacha kuchimba, akawaita wataalamu. Wao walizitoa tabaka kwa tabaka, wakahesabu sarafu 52,503. Nyingi za sarafu za mwisho, zile za Carausius aliyetawala Uingereza tangu mwaka 286 mpaka 293, zilikuwa chini ya nusu ya chungu. Kama mtu angalikuwa akiweka akiba kidogo kidogo, sarafu mpya zingalikuwa juu. Kwa hiyo wataalamu waliona kwamba chungu kilijazwa kwa mara moja. Kama zingalimwagwa kapuni, nani angalijua jambo hilo?

Basi shika haya mawili. La kwanza, ukiona sarafu ya kale ardhini, iache palepale, uwaite wanaojua. La pili, usiisugue kwa mchanga wala majivu, wala usiitie ndimu ili ing'ae. Itang'aa, lakini herufi zitafutika, na sarafu isiyo na herufi ni kama barua iliyolowa maji: karatasi unayo, habari huna.

Maswali ya kujibu daftarini:

1. Katika AVG, V ni herufi gani?
2. Katika COS V, V ni nini?
3. Sarafu ya Trajan yenye COS VI haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka gani?

Someni vema. Kwaherini mpaka somo lijalo.