Kumi Alikuwa Fundi

Mchizi wangu tulimwita Kumi kwa sababu ya jezi. Mguu wa kushoto, fundi kinoma. Beki akija kwa pupa anakula tobo, akigeuka mwana ameshasepa zake. Mechi za mbuzi hapa Lagangabilili zinanoga msimu wa pamba, wazee wakiwa wameuza mzigo na mkwanja upo mtaani. Mimi beki wa kulia, yeye alikuwa ananishushia pasi za kisigino ambazo hadi leo hakuna mwingine wa kunipa.

Enzi hizo tukishinda, wadau walikuwa wanaleta viroba, vile vipakiti vya pombe kali. Mfungaji anapewa kwanza, na mfungaji karibu kila wiki ni Kumi. Kipakiti kinang'atwa kona, kinakamuliwa mdomoni, kinatupwa. Bei ilikuwa chee, hata dogo wa shule alimudu. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikavipiga stop nchi nzima, na ilifanya la maana. Ila kwa mwana kiu ilikuwa imeshakomaa. Akahamia gongo.

Hapo ndipo kitaa kilipozingua, na bado inaniuma. Asubuhi mikono inamtetemeka hadi anashindwa kufunga kamba za njumu, na maskani wanamuigiza wakicheka. Wengine wakadai karogwa na wapinzani. Ile ni arosto, wanangu! Mwili uliozoea pombe kali kila siku ukikatiwa ghafla unatoka jasho, unatetemeka, unaona vitu visivyokuwepo, na unaweza kupata degedege ukafa. Ndugu zake, kwa nia njema kabisa, walimfungia chumbani akaushe. Akaanguka, macho juu, povu mdomoni. Mshikaji mmoja wa bodaboda akamkimbiza hospitali. Kule walimpa dawa za kutuliza, wakawa wanazipunguza taratibu, na daktari hakumsimanga hata neno moja.

Siku hizi anawafundisha madogo kisigino. Ameshateleza, karudi, kateleza tena. Kila akiteleza tunamfuata alipo. Timu ikishinda tunashushia nyama ya mbuzi na soda, na anayekuja na gongo uwanjani anageuzwa nayo.

Una mwana anayetetemeka asubuhi hadi apate mtungi? Usimrekodi video, usimfungie ndani. Mpakize kwenye boda, mpeleke hospitali, halafu kaa naye hukohuko.