Mtandao Umebadilishwa, Seva Haionekani

Mtu akihama nyumba usiku bila kumuaga jirani, asishangae barua zake zikirudishwa posta. Hivyo ndivyo zinavyohamishwa seva katika ofisi nyingi. Mafundi huja Jumamosi, wakati watumishi wako mapumzikoni. Hung'oa ruta ya zamani, huweka mpya, hubadilisha mpango wa anwani, kisha huondoka wakiwa wameridhika kwa kuwa intaneti inapatikana. Jumatatu asubuhi karani wa mishahara huketi mbele ya kompyuta yake, hubofya alama aliyoizoea, na badala ya kuuona uso wa seva huambiwa kwamba kompyuta ya mbali haipatikani. Ikiwa ni tarehe 24 ya mwezi, na orodha ya mishahara ya kikosi kizima imo ndani ya seva hiyo, jambo hilo si la ofisi peke yake tena. Limekwisha kufika majumbani, penye ada za shule na kodi za nyumba.

Yafaa kwanza ieleweke seva hiyo ni kitu gani, na karani huifikiaje. Seva ni kompyuta iliyowekwa ili kuzihudumia kompyuta nyingine. Nyingi huendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, nchini Finland. Aghalabu seva haina skrini wala kibodi. Imefungiwa katika chumba chenye ubaridi, pengine katika mji mwingine kabisa. Ili mtu aione meza yake ya kazi akiwa mbali, hutumika utaratibu uitwao RDP, ambao kampuni ya Microsoft iliutengeneza kwa ajili ya Windows. Na programu iitwayo xrdp ndiyo inayoiwezesha Linux kuuitikia. Kwa njia hiyo karani husogeza kipanya chake huku, na kishale kikasogea kule. Picha za skrini humjia yeye, na mibofyo yake huenda kwenye seva. Yote hayo hupita katika mlango mmoja wenye namba 3389. Milango ya namna hii si matundu ya kuchomekea waya, bali ni namba tu, nazo hufika 65,535. Kila huduma husubiri wageni wake kwenye namba yake.

Shida ikizuka, mkono wa kwanza hukimbilia kuizima seva na kuiwasha upya. Hilo si jema. Seva iliyofanya kazi Ijumaa jioni, na ambayo haikuguswa na mtu, ndiyo mshukiwa wa mwisho. Askari mpelelezi akifika mahali pa tukio huuliza kwanza ni kitu gani kilichobadilika, na hapa jawabu liko wazi: ni mtandao. Tena kuizima kwaweza kuongeza hasara. Karani aliyefunga dirisha lake Ijumaa bila kutoka rasmi ameiacha meza yake ikiwa hai ndani ya seva, pamoja na kazi ambayo huenda hakuihifadhi. Seva ikizimwa, kazi hiyo huenda na maji.

Ushahidi wa kwanza ni namna mtu anavyokataliwa. Maneno yanayotokea kwenye skrini huwa yale yale, lakini muda hutofautiana, na muda huo husema mengi. Jibu likija upesi, mara tu baada ya kubofya, maana yake aghalabu ni kwamba ujumbe umefika kwenye mashine fulani na mashine hiyo imejibu: hapa mlango namba 3389 haukufunguliwa. Lakini karani akingoja kitambo kirefu, kisha ndipo aambiwe kwamba haikuwezekana, basi hakuna aliyejibu kabisa. Ama ujumbe umepotea njiani, ama umefika kwa mlinzi aliyeamriwa kuwapuuza wageni bila kuwatamkia neno. Mtu anayepiga hodi akasikia "hakuna ruhusa", na mwingine anayepiga hodi akasikia kimya, hawana shida moja. Fundi anayepigiwa simu atashukuru sana kuambiwa ni lipi kati ya mawili hayo.

Baada ya hapo hutumika amri ndogo iitwayo ping, ambayo huituma sauti fupi kwenye anwani fulani na kungoja mwangwi. Amri hiyo ina asili ya kijeshi, jambo ambalo wengi hawalijui. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Jeshi la Marekani ya utafiti wa silaha huko Maryland, alipokuwa akisumbuliwa na mtandao wenye kasoro. Jina alilichukua katika mlio wa chombo cha sonar, ambacho nyambizi hukitumia kutambua vitu baharini kwa mwangwi. Mwangwi ukirudi, mtu amepata hakika kwamba njia iko na aliyeko upande wa pili yu hai. Usiporudi, asikimbilie kutangaza msiba, kwa maana seva nyingi zimekatazwa kuitikia ping ilhali zinaendelea na kazi nyingine kama kawaida.

Sasa ndipo huulizwa swali la anwani. Tuseme mtandao wa zamani ulikuwa wa anwani zinazoanza na 192.168.1, na huu mpya ni wa 10.20.5. Ikiwa seva ilikuwa ikipokea anwani yake kutoka kwa ruta, basi imekwisha kupewa nyingine, nayo inakaa salama ndani ya mtandao mpya. Kilichobaki nyuma ni alama ya karani, ambayo bado inakwenda kugonga nyumba ya zamani. Lakini ikiwa anwani ya seva iliandikwa kwa mkono ndani yake, na ndivyo ifanywavyo mara nyingi, basi seva ndiyo iliyobaki nyuma. Inaendelea kujiita 192.168.1.10 katikati ya watu ambao hawalijui jina hilo. Inawaka taa zote, feni inazunguka, na hakuna anayeweza kuifikia. Hapo hapana hila ya mbali itakayosaidia. Ni lazima mtu wa zamu aingie chumbani, achomeke skrini na kibodi, aandike "ip addr", na asome kwa macho yake anwani iliyomo.

Mahali ambapo seva huitwa kwa jina badala ya namba, jina laweza kuendelea kuelekeza kwenye anwani ya zamani kwa saa kadhaa, kwa kuwa kompyuta huweka kumbukumbu ya majina ili zisiulize kila mara. Njia ya upesi ya kulijua hilo ni kujaribu kwa namba yenyewe. Namba ikifungua na jina lisifungue, seva haina kosa.

Iko dalili nyingine inayowachanganya hata mafundi. Walio katika jengo moja na seva wanaingia bila taabu, na walio mbali hawaingii kabisa. Watu wa mbali hulaumu waya wao. Kumbe seva imepewa anwani mpya, lakini haikuelezwa kwamba ruta ya kutokea nje nayo imebadilika. Ujumbe wa mgeni wa mbali unaifikia vizuri, nayo inamjibu. Ila jibu hupelekwa kwenye ruta ambayo mafundi waliing'oa Jumamosi na kuitia kabatini. Amri "ip route" huonyesha jambo hilo katika mstari mmoja.

Hata hivyo, pale ambapo anwani ni sahihi na njia ni nzima, mshukiwa mkubwa ni mlinzi wa seva mwenyewe. Huyu ni programu iitwayo faiwoli, ambayo wengine huiita ngome, na katika seva nyingi za Ubuntu husimamiwa kwa amri ya ufw. Mlinzi huyu hafikiri. Hufuata orodha aliyoandikiwa, na mtu makini aliyeiandika miaka iliyopita alifanya vyema kabisa: aliandika kwamba mlango namba 3389 ufunguliwe kwa wanaotoka 192.168.1 tu, na wengine wote wapuuzwe. Jumamosi ile ofisi nzima ilihamia 10.20.5. Kuanzia saa hiyo watumishi wote, toka mkuu hadi tarishi, wamekuwa wageni wasiojulikana mbele ya mlinzi waliyemweka wenyewe. Wanapiga hodi, naye yuko kimya. Amri "sudo ufw status" huisoma orodha hiyo, na aliyeizoea hulitambua kosa kwa kuitazama mara moja.

Kosa linalofanana na hilo hujificha ndani ya xrdp yenyewe. Katika faili lake la maagizo huweza kuandikwa kwamba isikilize kwenye anwani moja tu. Anwani hiyo ikifa, xrdp haina pa kusimama, na mgeni hukataliwa upesi, kama ilivyoelezwa juu. Amri "ss -tln" huorodhesha milango iliyo wazi. 3389 isipoonekana humo, tatizo si la faiwoli wala ruta.

Jambo moja litengwe na haya yote. Mtu akifika hata akaulizwa jina na neno la siri, kisha skrini ikawa nyeusi tupu, mtandao umekwisha kutimiza wajibu wake. Sababu moja ya mara kwa mara ni kwamba jina hilo hilo limekwisha kuingia kwenye seva kwa skrini ya pale pale chumbani, labda na yule mtu wa zamu aliyekwenda kusoma anwani akasahau kutoka. Atoke, na mwenzake wa mbali ajaribu tena.

Hatari kubwa huja pale subira inapokwisha. Simu zinalia, mkubwa anauliza, na fundi aliyechoka huona rahisi kumwondoa mlinzi kabisa, au kuufungua mlango 3389 kwa dunia nzima "kwa leo tu". Leo hiyo huwa haina mwisho. Ziko programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga mlango huo huo katika kila anwani, zikijaribu maneno ya siri moja baada ya jingine. Seva yenye majina, namba za benki na vituo vya askari wa kikosi kizima haipaswi kuachwa katika hali hiyo hata kwa muda wa chakula cha mchana. Vilevile kompyuta ikitoa onyo kwamba utambulisho wa seva umebadilika, lisibofywe "ndiyo" kwa mazoea. Pengine anwani ya zamani imepewa mashine nyingine, na karani yu tayari kuikabidhi neno lake la siri.

Iko njia bora, nayo haina gharama. Utaratibu wa SSH, uliobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa huko huko Finland, huunda njia iliyofichwa baina ya kompyuta mbili kupitia mlango namba 22. Meza ya kazi ya xrdp huweza kupitishwa ndani ya njia hiyo, na mlango 3389 ukabaki wazi kwa seva yenyewe tu. Hapo huwa kuna mlango mmoja wa kulindwa badala ya miwili.

Walio makini hujiandaa kabla ya Jumamosi yenyewe. Katika Ubuntu iko amri "netplan try", ambayo huyatia maagizo mapya ya mtandao na kungoja sekunde 120. Asipotokea mtu wa kuyathibitisha, hurudisha ya zamani. Fundi aliyejifungia nje kwa kosa lake hufunguliwa mlango na saa. Ni ajabu jinsi wachache wanavyoitumia. Lakini hata amri hiyo haitoshi pasipo njia ya pili ya kuifikia seva, njia isiyopita katika mtandao unaobadilishwa.

Wakubwa pia wameonja jambo hilo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa muda wa saa zipatazo 6, na familia nyingi zilidhani simu zao zimeharibika. Kampuni ilieleza baadaye kwamba katika kazi ya kawaida ya matengenezo ilitolewa amri iliyokata mtandao mkuu unaounganisha vituo vyake, na programu iliyopaswa kuizuia amri ya namna hiyo ilikuwa na kasoro. Mafundi hawakuweza kuingia kwa mbali, kwa sababu njia ya kuingilia ilipita katika mtandao ule ule uliokufa, na hata njia yao ya akiba haikufanya kazi. Ilibidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye vituo, na huko wakacheleweshwa na ulinzi ambao kampuni yenyewe iliuweka ili mashine zake zisiguswe ovyo.

Ofisi ya mishahara haihitaji vituo vya akiba. Yahitaji skrini moja ya zamani na kibodi ndani ya chumba cha seva, mtu mwenye ufunguo anayejulikana kwa jina na namba ya simu, na karatasi iliyobandikwa upande wa ndani wa mlango ikiwa na anwani ya sasa, ruta ya kutokea nje na tarehe ya badiliko la mwisho. Maneno ya siri hayaandikwi humo. Mtu wa zamu akishaongeza mstari mmoja katika orodha ya mlinzi kwa ajili ya 10.20.5, aufute ule wa 192.168.1, kwa kuwa hakuna tena anayetoka huko kwa haki. Karani naye, orodha ya mishahara ikisha kufunguka, aifute ile alama ya zamani kwenye skrini yake, la sivyo mwezi ujao mkono wake utairudia kwa mazoea, na simu zitaanza kulia upya.